Upatu wa Bi Dhahabu na Wapiga Roki

Huko Mjambere, arusi bila Bi Dhahabu ilihesabiwa nusu arusi. Yeye ndiye mpiga upatu, lile sinia la shaba linaloshika mwendo wa ngoma za wanawake, na muziki mwingine hakuwa na haja nao. Kwa hiyo mwanawe Najib, fundi wa spika katika hoteli moja ya Nyali, alipomwambia kwamba analeta wageni wapiga roki, Bi Dhahabu aliguna.

"Magitaa hayo yaje kunipasua kichwa?"

"Mama, wasikilize tu."

Wageni walikuwa watatu, Wayahudi wa London waliokuja kupiga kwenye arusi ya rafiki yao. Bi Dhahabu aliwaandalia sambusa za nyama, lakini Najib akamnong'oneza kwamba dini yao ina miko ya chakula nao huichunga. Bi Dhahabu akapendezwa. Watu wenye miko aliwaelewa. Akawatolea tende, ndizi na kahawa.

Mwimbaji wao, Yaeli, alieleza huku Najib akifasiri. Roki waliipenda tangu shuleni, ila nyimbo zao nyingi zilitoka kwa bibi yake, Myahudi wa Aden. Kwao wanawake waliimba arusini wakipiga debe tupu.

"Debe?" Bi Dhahabu akashtuka. "Hebu nipigie."

Yaeli akaliinamia debe la mafuta lililokuwa uani, akaanza kupiga na kuimba. Wenzake wakaingia polepole na magitaa. Bega la Bi Dhahabu likaanza kucheza lenyewe. Akaenda ndani, akatoka na upatu.

"Mwanangu, mbona wakimbia? Bi arusi atembea kwa maringo, hakimbizwi. Nifuate."

Yaeli akamfuata. Debe na upatu vikashikana, majirani wakajaa uani, vigelegele vikapigwa.

"Uje upige nasi, mama," Yaeli akamsihi.

Jumapili akaenda kwenye arusi hiyo, hotelini kwa Najib, kwa sharti akae nyuma kwenye kiti, na leso yake mpya mabegani. Mwanzoni hakuusikia hata upatu wake. Akamkazia macho Najib kwenye mitambo, naye akapunguza sauti ya magitaa upesi. Hapo arusi ikachangamka, bibi na bwana wakaingia uwanjani kucheza.

Siku hizi Mjambere wanamtania: "Mama Roki!"

"Abee!" huitika, wala hakawii.