Majina Yameniishia

Kwa miaka ishirini na kitu nimeandika maigizo ya kikundi chetu cha Kilosa. Usidhani ni kazi ya heshima. Mfadhili anakuja na ujumbe wake, leo vyandarua, kesho tembo wanaoingia mashambani, nami natafuta watu wa kuubeba jukwaani. Maneno yao nayaokota popote: kwenye foleni ya mashine ya kusaga, msibani, stendi. Nikikaa kwenye benchi la muuza kahawa, lazima mmoja aseme, "Chungeni midomo, mwandishi kafika." Wote wanacheka. Zamani na mimi nilikuwa nacheka.

Mke wangu ndiye aliyetunza mavazi. Stoo hatukuwa nayo, kwa hiyo nguo za jukwaani zilitoka majumbani, na nyingi zilitoka kwenye sanduku letu. Alizifua, akazipiga pasi, akaamua nani avae nini.

Mwaka juzi tulipewa igizo la kuwahimiza wajawazito wawahi kliniki. Nilikwama kwa mama mmoja niliyemwandika, aliyepoteza mimba tatu. Sikuwa na la kumpa aseme. Ndipo nikamkumbuka mke wangu. Sisi nasi tulipoteza tatu, na baada ya ile ya mwisho, akiwa anaanua nguo, aliniambia bila kunitazama, "Kila mmoja nilimpa jina. Sasa majina yameniishia." Hakurudia tena, na mimi sikumuuliza aliwaita nani. Sasa nikayachukua maneno yale kama yalivyo nikayaandika. Niliyaona mazuri mno. Ruhusa sikuomba.

Siku ya onyesho, Mikumi, mwigizaji wetu wa kike akaugua. Nafasi yake akaichukua mchekeshaji wetu, mwanaume mwenye kitambi, akajifunga khanga za mke wangu na kujaza matambara kifuani. Ndivyo tulivyozoea, na watu wanapenda. Nilimwonya asichekeshe pale kwenye majina, akaitikia. Lakini uwanja ulikuwa umeshaanza kumcheka, naye kicheko humpanda kichwani. Aliyavuta yale maneno kwa sauti nyembamba, akajipangusa machozi kwa ncha ya khanga. Watu walishika mbavu. Hata mfadhili alipiga makofi.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya jukwaa, pini za nguo mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Onyesho lilipokwisha alikusanya nguo zote akazikunja.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Tangu siku hiyo aliniambia ya lazima tu: maji yamepungua, chakula tayari, mwenye nyumba kapita. Mimi ninayeishi kwa maneno ya watu nikawa nawasha redio nisikie binadamu. Baadaye akaenda Mamboya kumsaidia dada yake kulima, na msimu ulipoisha hakurudi. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuisalimia nyumba nikiingia.

Mwezi uliopita nikamfuata. Nilimkuta dada yake uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Za Kilosa? Mwenzio yuko nyuma, anachambua maharage."

Nikazunguka nyuma, nikaketi mbele ya ungo wa mke wangu nikamwomba msamaha, kwa maneno yasiyo na ufundi wowote. Nikamwambia nimeacha kuandika, na wakati ule niliamini hivyo. Kisha nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile anaanua nguo: aliwaita nani?

Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Halafu akalitaja jina la wa kwanza. Akatabasamu kidogo, akaongeza, "Huyo ningemtuma dukani mpaka angenichukia."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kunipa tangu Mikumi, na ilikuwa nzuri. Mimi nikiipenda sentensi, midomo huirudia yenyewe, kimyakimya, nisije nikaisahau. Ni tabia ya kazi. Sikujua kama midomo inatikisika mpaka nilipomwona anaitazama.

"Unakariri," alisema.

"Hapana, mke wangu."

"Unakariri, baba."

Akainuka na ungo wake. "Chai iko ndani," akasema, akaenda kukaa na dada yake.

Jina lile sitaliandika. Sentensi, kama unavyoona, imenishinda kuiacha. Majina ya wale wawili siyajui mpaka leo.