Kamba Kati ya Lori na Gari Letu

Uhamisho wangu wa kwenda kufundisha Nambilanje ulipotoka, watu wa Kiegei, tulikokuwa tukiishi, walinipa ushauri mmoja bila kuulizwa: uza hilo gari. Giaboksi ilikuwa imekufa miezi miwili nyuma, na kuku wa jirani walishaanza kutagia ndani. Mimi nikasema haliuzwi. Mume wangu alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, mkono na mguu wa kulia vikalegea, na mazoezi yake yalikuwa hospitali ya Ruangwa. Bodaboda tulijaribu mara moja, akaanguka. Niliapa hatapanda tena pikipiki maadamu niko hai, na bila gari mazoezi yangekwisha.

Fundi mmoja wa Ruangwa mjini alikuwa amepata giaboksi nyingine. Ilibaki kumfikishia gari siku hiyo hiyo ya kuhama, pamoja na lori lililobeba vitanda na makabati yetu.

Dereva wa lori akanieleza njia zilizopo. Tungeweza kulipandisha gari juu ya lori, kupitia tuta la udongo ambalo wafugaji waliohamia kutoka kwetu Kanda ya Ziwa hulitumia kupakia ng'ombe siku ya mnada. Nikamuuliza, huko Ruangwa tutalishushia kwenye tuta la nani? Kulikuwa pia na chuma cha kuunganishia gari na lori, ambacho hakilegei, lakini fundi wa kuchomelea alisema njoo wiki ijayo, na wiki ijayo yake naijua. Ikabaki kamba.

"Kamba inataka mtu huko nyuma, Madamu," dereva akasema. "Ashike usukani, na nikipunguza mwendo awahi breki, kamba isilegee. Ikilegea halafu ikavutwa ghafla inakatika, au yeye anakuja kunigonga. Nitafutie mwanaume mwenye uzoefu."

"Nitakaa mimi," nikasema. Leseni ninayo. Niliipata baada ya mume wangu kuugua, kwa ubishi mtupu.

Mume wangu, ambaye aliendesha malori karibu maisha yake yote, alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yetu. "Na... mimi," akasema.

Dereva akanigeukia mimi. "Mzee anasemaje?"

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule mzima. Maneno yake yalitoka mazito, moja moja, na watu wakazoea kuniuliza mimi habari zake huku mwenyewe yupo papo hapo. Nami nilijibu. Hata nyumbani, akianza kusema, namalizia mimi. Ngoja ngoja kwangu huumiza matumbo kweli kweli, na nilidhani namsaidia. Kila mwezi akawa anasema kidogo zaidi.

Tuliondoka asubuhi, yeye kushoto kwangu. Ufunguo niliuacha mahali pake ili usukani usijifunge. Breki, kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, ilikuwa ngumu kama nakanyaga kinu, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Hilo niliweza. Vumbi ndilo lililonishinda. Hatujamaliza mteremko wa kwanza, sikuona tena kamba wala lori, niliona ukingo wa barabara tu na wingu jekundu mbele yangu. Niliogopa sana.

"Shika," mume wangu akasema.

Nikakanyaga bila kujua kwa nini. Kamba ikakaza.

"Acha."

Nikaachia. Nilimtupia jicho, nikaona amefumba macho. Alikuwa anasikiliza injini ya lori, na barabara hiyo aliizoea tangu enzi za malori yake. Dereva akirudisha gia, yeye anajua kabla lori halijapunguza mwendo.

"Shika... mashimo. Acha. Shika... daraja."

Kila neno nililisubiri. Safari hii nisingeweza kummalizia, maana neno linalofuata alilijua yeye peke yake.

Nachingwea tulisimama tukanywa chai. Dereva akaipapasa kamba mwanzo hadi mwisho, akaniangalia, hakuuliza tena habari za mwanaume mwenye uzoefu. Tukaendelea, shika, acha, shika, acha, mpaka mchana tukaingia kwa fundi pale Ruangwa, mume wangu sauti imemkauka.

Fundi akafungua boneti, akanigeukia. "Lilianzaje, Madamu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikafunga mdomo, nikamtazama mume wangu. Fundi naye akamtazama.

"Ilianza... gia ya pili," mume wangu akasema. "Ikawa... inachomoka."

Fundi akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa karibu na mlango wa upande wa mume wangu. "Enhe, mzee. Ikawaje?"

Lori lilikuwa linangoja, na Nambilanje bado ilikuwa mbali. Nikangoja mpaka akamaliza.