Msumari wa Nyumba ya Consolata

Kila Jumapili, katika kijiji kisichoishi mtu, Olimpia alisimama mbele ya ukuta uliopasuka akawaonyesha wageni msumari.

Haukuwa msumari wa kutundikia kofia. Ulikuwa mnene kama kidole gumba, umefuliwa na mhunzi, kichwa chake kimepindwa kikawa pete, tena ulipigwa chini kabisa ya ukuta, usawa wa goti. Wageni walipenda kukisia kwanza. "Wa kufungia mbuzi?" "Wa kuning'inizia nyama?" Olimpia aliwaacha wakosee wanavyotaka, kisha akawaambia watoke nje waangalie uwanja wa nyumba ulivyo. Hakukuwa na uwanja. Ukivuka kizingiti unapiga hatua chache tu, na dunia inakatika. Chini, mbali mpaka kichwa kinazunguka, unauona mto wa mawe meupe, mwembamba kama uzi.

"Hapa ndipo watoto walipojifunza kutembea," aliwaambia. "Mama ana mkate wa kuoka, ana mbuzi wa kukamua, ana maji ya kuteka. Afanyeje? Alimfunga mtoto kamba kwenye kifundo cha mguu, upande wa pili akaufunga kwenye msumari huu. Na kamba ilipimwa. Ifike mlangoni, isifike ukingoni."

Hapo alishusha sauti. Alikuwa mwongoza wageni wa miaka mingi katika hifadhi ile ya milima ya Aspromonte, na alijua pa kushusha sauti. Watu waliinama mmoja mmoja kuigusa ile pete ya chuma iliyolainishwa na kamba, wakaipiga picha. Na lazima awepo mmoja wa kuuliza: je, kuna mtoto aliyewahi kuanguka?

"Wanasema alikuwepo mmoja," Olimpia alijibu, kisha akawaongoza kuelekea kanisani.

Wanasema! Kana kwamba yeye alihitaji kuambiwa. Nyumba ile ilikuwa ya mama yake, na yule mmoja alikuwa kaka yake. Aliitwa Santo. Siku moja mama yake alimfungua kamba ili amwogeshe, akageuka kuchukua kitambaa cha kumfutia. Kugeuka tu. Aliporudisha uso, karai lilikuwapo, maji yalikuwapo, mtoto hayupo.

Olimpia hakumjua kaka huyo. Yeye alizaliwa baadaye, kule chini pwani, baada ya mvua kubwa kuporomosha ubavu wa kijiji cha Skinari na watu wote kuhamishiwa kwenye nyumba zilizojipanga kando ya reli. Mvua hiyo ilichukua na makaburi. Mifupa ya watu wa Skinari iliteremka mtoni ikaenda baharini, ya wazee pamoja na ya Santo. Na picha yake hakuna. Mpiga picha alikuwa akipanda kijijini mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu. Mwaka ule Santo alikuwa na surua, uso umejaa vipele, mama yake akasema, aah, tutampiga picha mwakani.

Sasa mama yake, Consolata, alikuwa mwanamke mkongwe mwenye macho ya ukungu na magoti mabovu. Jioni moja ya mwezi wa tisa alikuwa jikoni akikaanga mikate, akasema bila kugeuka:

"Jumapili nakuja na wewe Skinari."

Olimpia alicheka. "Na magoti hayo? Utapandaje, kwa mabawa?"

"Kwa punda wa jirani yetu Mico. Nimeshaongea naye."

"Mama! Tangu nizaliwe hujawahi kutaka hata kukitazama kile kijiji. Nikikitaja tu unatoka chumbani."

"Basi leo sijatoka." Aligeuza mkate. "Nataka msumari wangu."

Olimpia alidhani hakusikia vizuri. Mama yake akaeleza taratibu, kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Kwamba msimu ujao hataweza hata juu ya punda. Kwamba watu wakifa huwekewa vitu vyao sandukuni, na yeye amefikiria sana awekewe nini. "Nikifika kwa Santo, nifike na nini? Sina shati lake, sina hata unywele. Msumari ule baba yako aliupiga siku mtoto alipoanza kutambaa. Ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho mwanangu alikigusa kila siku."

"Lakini Mama, mimi ndiye ninayewakataza wageni wasiokote hata jiwe! Ni sheria ya hifadhi. Wakinikuta je?"

"Wewe usiokote. Nitachukua mimi. Hifadhi haikuununua, aliununua mume wangu." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo Olimpia hakuizoea, sauti ndogo: "Nisaidie, mwanangu."

Olimpia alitazama mikate ikifura kwenye mafuta. Akasema sawa.

Jumapili Mico aliwasubiri mwanzo wa njia na punda wake, tandiko limewekewa mto wa sebuleni wenye maua.

"Karibu, shangazi! Punda huyu amebeba simenti, amebeba mpaka askofu. Malkia hajawahi."

"Askofu alikuwa mzito kuliko simenti," Consolata alisema akipandishwa. "Muulize punda mwenyewe."

Wageni wakaangua kicheko. Walikuwa walimu wastaafu kutoka Bologna, watu wa kofia na fimbo za kutembelea, na kati yao mama mmoja mnene mchangamfu aitwaye Ornella ambaye tangu mwanzo alijipa kazi ya kutembea ubavuni mwa punda. Aliambiwa tu kwamba bibi huyu alizaliwa Skinari. Ilitosha. "Bibi, kule mlikula nini? Bibi, wakati wa theluji mlifanyaje?" Na Consolata, ambaye nyumbani alipitisha siku nzima bila maneno kumi, alijibu yote. Olimpia alipowaonyesha ule mmea wa maua ya njano ambao wanawake waliuchemsha, wakaulowesha mtoni na kuupondaponda hadi wapate nyuzi za kusokota kamba na kufuma mablanketi, mama yake alidakia kutoka juu ya punda:

"Waambie na ulivyonuka! Binti hapa anawapa hadithi nzuri, harufu anaificha."

Walicheka njia nzima. Ilikuwa siku ya ajabu, na Olimpia alijikuta akimtazama mama yake kama mtu mgeni. Kumbe alikuwa mtu wa utani? Utani huo ulikaa wapi miaka yote?

Halafu njia ikakunja kona, na ng'ambo ya bonde kikatokea kijiji. Nyumba za mawe zimeng'ang'ania mgongo wa mwamba, madirisha meusi, mapaa yameingia ndani. Consolata akanyamaza. Ornella aliuliza swali lingine, hakujibiwa, naye akaelewa akanyamaza pia.

Penye nyumba ya kwanza Consolata aliomba ateremshwe. "Mama, bado kuna mwinuko," Olimpia alisema. "Hapa siingii nimebebwa," mama yake akajibu. Akashika mkono wa Olimpia upande mmoja, ukuta upande wa pili, akapanda. Magoti yalilia, yeye hakulia. Hakuuliza njia. Alipofika kwenye mlango wake alipitisha kiganja juu ya jiwe la kizingiti, akaingia, akaenda moja kwa moja pale pembeni, akainama polepole kama mtu anayeinamia kitanda cha mtoto, akanyoosha mkono.

Mkono ulipapasa ukuta. Ukarudi, ukapapasa tena.

Olimpia aliona kabla yake. Palikuwa na tundu. Kingo zake zilikuwa nyeupe, mpya, na pembeni jiwe la ukuta limekwaruzwa na chuma. Unga wa chokaa ulikuwa bado sakafuni. Msumari ule haukuanguka wenyewe. Mtu aliusikia ukisimuliwa, akaenda zake, kisha akarudi na mtaimbo.

"Uko wapi?" Consolata aliuliza.

Olimpia alipiga magoti akaanza kuchakura vifusi, ingawa alijua. Walimu walimwona wakadhani kuna kitu kimedondoka, wakaingia kusaidia, watu wazima wale, wakawasha taa za simu na kutambaa sakafuni wakipanguapangua majani makavu. "Tunatafuta nini?" mmoja akanong'ona. "Msumari," Mico akajibu kwa ukali, akavua kofia.

Kilichomchoma Olimpia si mwizi. Alijaribu kuzikumbuka sura za wiki zilizopita, na zote zilikuwa sura za watu wema, zenye macho yaliyolowa. Ndivyo alivyotaka yeye. Alikuwa ameifanyia mazoezi hadithi ile mbele ya kioo, wapi ashushe sauti, wapi awaache waguse. Aliusifia msumari mpaka mtu akaupenda kuliko alivyoweza kuvumilia.

Ornella alirudi kutoka nyumba ya jirani akihema, mkononi ana msumari mkubwa wenye kutu, wenye pete. "Ni huu? Ulikuwa umelegea kwenye ukuta wa pale," alinong'ona.

Olimpia aliupokea. Aliugeuza. Ulifanana nao kabisa. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, macho yake ya ukungu yakitazama mlango, na ndani ya kifua cha Olimpia likapita wazo jepesi sana, wala hakulipinga. Aliufuta msumari kwenye suruali yake, akaenda, akauweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Mama, nimeupata. Ulikuwa chini ya kifusi."

Consolata aliufumbata. Kwa kitambo uso wake ulifunguka, na Olimpia aliuona ulivyokuwa alipokuwa mwanamke kijana, kabla ya karai. Kisha kidole gumba kikaanza kuzunguka ndani ya pete, mara moja, mara ya pili, kikasimama.

"Huu ni wa kwa Filippa," alisema. "Filippa alizaa saba, wote walikua. Mmoja yuko Australia. Mrudishie."

Ornella alitoka nje na msumari wake, mabega yanatikisika.

"Huyo aliyeuchukua," Consolata aliuliza tena, "anajua ni wa nani?"

"Hapana, Mama."

"Kwani huwa unawaambiaje?"

Olimpia alitamani ukingo ule uje mpaka pale aliposimama. "Nawaambia... wanasema alikuwepo mmoja."

"Mmoja." Mama yake alitikisa kichwa taratibu, bila hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Mmoja hana mama, Olimpia. Kitu cha mmoja mtu yeyote atachukua."

Tangu siku hiyo Olimpia alisimama mbele ya tundu, akamtaja kaka yake kwa jina. Alisimulia karai na kitambaa, akaomba kila kundi lipeleke habari huko litokako: aliyeuchukua aurudishe, hataulizwa neno. Aliiweka habari hiyo mtandaoni. Ilisambaa kuliko alivyofikiri, na Consolata, alipoambiwa, alianza kukaa dirishani saa ya posta.

Vifurushi vikaanza kuja. Hilo nani angelitarajia? Watu waliosoma waliona huruma, wakatuma misumari. Iliyotoka Verona, iliyotoka Ugiriki, misumari ya wahunzi iliyonunuliwa kwenye minada ya vitu vya kale, imefungwa kwa karatasi laini, na maneno ya upendo. Kila kifurushi Consolata alikifungua mwenyewe, akaingiza kidole gumba katika pete kama kuna pete. "Si huu." Akauweka kwenye sufuria kuukuu chini ya meza. Kesho yake yuko dirishani tena.

"Shangazi utafungua duka la vyuma," Mico alimtania siku moja.

"Nitakuuzia wewe, ujipigilie akili isidondoke," alimjibu. Lakini hakucheka, wala hakuondoa macho barabarani.

Alifariki kabla ya Pasaka, kwa kifua, baridi ilipokuwa inaondoka. Majirani wa kando ya reli walikuja wakamvika nguo yake nyeusi nzuri na rozari, wakamlaza sandukuni. Watu walipopungua, Mico aliinama chini ya meza akaiburuta ile sufuria. Ilikuwa nzito, ilikwaruza sakafu. Alichagua ndani yake kwa muda mrefu, akatoa msumari mmoja mnene wenye pete, akamsogezea Olimpia.

"Mwekee huu, dada. Ni uleule tu. Nani atajua?"

Olimpia aliutazama msumari, akamtazama mama yake. Vidole vilikuwa vimekunjwa kidogo juu ya kifua, na kidole gumba kimesimama peke yake.

"Atajua yeye," alisema.

Mico akaurudisha kwenye sufuria, polepole, ili usipige kelele. Wakalifunika sanduku.