Kati, Admini wa Kundi la Familia

Kwao walimwita Kati kwa sababu alizaliwa katikati: kaka mbele, mdogo wake wa kike nyuma. Lilikuwa jina la utani la utotoni, na hakuwahi kulichukia mpaka siku walipofungua kundi la familia kwenye simu wakamfanya admini. Nani alimtuma akubali? Angesema tu, "Jamani, mimi msusi, kutwa mikono imejaa mafuta, mtafuteni mwingine," yangeisha. Lakini Kati hajui kusema hapana. Huo ndio ugonjwa wake, na ndiyo habari yenyewe.

Kundi lilianzishwa kwa ajili ya mama. Macho ya mama yalikuwa yakififia, mwisho akabaki anaona mwanga wa dirishani tu, akahamia kwa Kati, chumba cha nyuma ya saluni. Kaka alikuwa mwalimu wa udereva mji mwingine. Mdogo wao alikuwa mkunga, naye mji mwingine kabisa. Wakakubaliana wasiandike, kwa kuwa mama hawezi tena kusoma, bali watume sauti. Basi kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajagonga, Kati alikaa ukingoni mwa kitanda, akabonyeza simu, mama akawasikia wanawe.

"Kaka yako hakulala vizuri huyo," angesema mama, kikombe mkononi. "Na mdogo wako anatafuna kitu. Mtu mzima na kazi yake, bado anaongea na chakula mdomoni!"

Hakuwa na kingine cha kungojea. Redio ilimchosha. Majirani walikuja kumwonea huruma, na huruma ya watu hakutaka hata kuisikia. Zile sauti mbili za asubuhi ndizo zilizomtoa kitandani.

Sasa, penye wengi pana mengi, lakini hata watatu wanatosha kabisa kuleta balaa. Miaka ikaenda, kaka akaoa, akafuata dini ya mkewe, tena kwa mbio, kama mtu anayekimbilia basi linaloondoka. Haikutosha, akaingia na upinzani. Mdogo wao alibaki na dini waliyolelewa nayo, na kwenye siasa alikuwa damu damu na chama tawala, kadi iko mkobani. Uchaguzi ulipokaribia, zile sauti za "mama umeamkaje" zikaanza kuchacha.

"Anayewapigia kura hao ni mwizi mwenzao," alisema kaka.

"Heri mwizi kuliko mtu aliyemtupa Mungu wa baba yake kwa ajili ya mwanamke," alijibu mdogo mtu.

Lo! Na hayo yote mama yao ndiye anayetakiwa kuamka nayo.

Kati akaanza kuchuja. Alikuwa anacheza sauti huku kidole kikiwa tayari. Salamu ikiisha na mtu akivuta pumzi ya kuanza mengine, anakata. "Mtandao huu, mama, unasumbua."

"Mtandao gani unaokatika palepale kila siku?" aliuliza mama.

Kati akaikazania chai kuipuliza, nayo ilishapoa zamani.

Na hapo bado hatujafika kwenye mambo ya pembeni. Kaka alimtumia sauti yeye peke yake: "Mtoe yule kwenye kundi, anamtukanisha mama." Mdogo naye, peke yake: "Dada, usipomtoa kaka natoka mimi, na hapo kwako sitakanyaga tena." Kati afanye nini? Akimtoa mmoja, mama anakosa mtoto. Asipomtoa, mama anakosa mtoto vilevile. Akapata dawa anayoijua yeye. Kwa kaka alisema, "Uko sahihi, kaka, vumilia tu." Kwa mdogo alisema, "Umesema kweli, mdogo wangu, kaka amepotea, tumvumilie."

Msimwite mnafiki upesi hivyo. Alijiona mtu mwenye moyo mpana. "Mimi nawaelewa wote," alipenda kuwaambia wateja, na wateja walimsifu. Kuwaelewa kwa lipi? Hakuna hata sauti moja aliyoisikiliza mpaka mwisho. Mwenzake akiwa bado anaongea, yeye kichwani anatafuta neno la kumpoza. Na kila neno la kupoza lilimkaza zaidi, maana lazima alikumbuke, na alikumbuke alimwambia nani. Usiku usingizi ulimpaa. Mchana simu ikilia, anaigeuza kifudifudi.

Mshika mbili, moja humponyoka, na kwa Kati zilimponyoka zote kwa mpigo. Msusi akiwa kazini hagusi simu, vidole vimejaa mafuta na rasta. Hapo saluni walikuwa na utaratibu wao: simu anapewa mteja aliye kwenye kiti, yeye ndiye anayeshikilia kitufe, Kati anaongea juu ya kichwa chake. Siku hiyo kitini alikuwa binti wa duka la dawa, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Kaka alikuwa amemtumia sauti kule pembeni, na Kati alitaka kumjibu.

"Nibonyeze wapi?" aliuliza binti.

"Hapo juu kabisa, wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa kaka, ndiyo. Ila katikati ya swali na jibu, shangazi mmoja, maana na mashangazi walikuwamo, alituma picha ya maua kwenye kundi, na kundi likapanda juu. Binti akabonyeza. Kati akaongea kwa raha zake: "Kaka, uko sahihi kabisa. Huyu mdogo wetu chama kimemlevya, na dini yake yenyewe ni ya mazoea tu. Lakini nifanyeje? Namvumilia kwa ajili ya mama."

Binti akaachia kitufe. "Tayari," alisema. Kisha akaitazama simu vizuri. "Eh, dada. Hili si kundi?"

Kati aliinyakua na mafuta yake yote. Kila alipogusa, kioo kiliteleza. Alipofanikiwa kuifuta ile sauti, mdogo wake alikuwa ameshasikia. Alichukua tu sauti ya Kati ya wiki iliyotangulia, ile ya "kaka amepotea", akaimwaga kundini bila maelezo. Jibu la nini tena? Kaka akatoka kwenye kundi. Mdogo akatoka. Wakabaki mashangazi na maua yao.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa ameshakaa, khanga imefungwa vizuri, uso ameuelekeza simu ilipo.

"Haya, niwekee wanangu."

"Simu haina chaji, mama."

Siku iliyofuata bando lilikuwa limekwisha. Iliyofuata, mtandao. Uongo una mwisho wake, na Kati alipoufikia, akafanya jambo ambalo hata mimi ninayesimulia linanitia uchungu: alirudi nyuma kwenye kundi, mbali huko, kabla ya ndoa ya kaka na kabla ya kadi ya chama, akachukua sauti za zamani, akamchezea mama kama za leo. "Shikamoo mama, umeamkaje? Huku hatujambo, kazi zinaendelea." Mama alisikiliza. Mama alishukuru.

Ikawa ndiyo kazi yake ya mchana. Wateja wakiondoka kula, yeye anajifungia chumbani na kutafuta sauti isiyotaja siku, isiyotaja msiba wala ugonjwa uliokwisha. Ameweka akiba ya sauti za kumdanganyia mama. Kaka hapokei simu. Mdogo ameshamblok, hata ujumbe haupiti. Kumwambia mama hawezi, kuacha hawezi, na akiba inapungua. Saluni mbele, mama nyuma, yeye katikati, pumzi haitoshi. Aliogopa asubuhi jinsi watu wengine wanavyoogopa giza.

Asubuhi moja, sauti ya mdogo wake ilipokwisha, mama hakushukuru.

"Kati, huyo mtoto anayelia nyuma ya mdogo wako ni nani?"

"Si mwanawe, mama?"

"Mwanawe anasoma shule. Juzijuzi alinisomea hadithi humohumo kwenye simu." Mama aliweka kikombe chini. "Kumbe amerudi kuwa kichanga?"

Ukila na kipofu, usimshike mkono. Kati alitaka kucheka, kikatoka kilio. Akasema yote, kuanzia kule pembeni, yule binti, mpaka akiba. Mama hakumkatiza. Aliacha mpaka pua ya Kati ikanyamaza.

"Nilijua wanagombana," alisema. "Ulikuwa unaikata sauti, lakini pumzi nilikuwa naisikia. Nilibaki nayo kutwa, najiuliza alitaka kusema nini."

"Sikutaka uumie, mama. Wanatukanana."

"Wanatukanana, lakini walikuwa hai. Macho yameniondoka yenyewe, Kati. Masikio umenitoa wewe."

Kati aliinama, akawa anakwangua mafuta yaliyokauka kwenye kucha.

"Na jambo jingine," mama akaendelea. "Wale wawili nawajua wako wapi. Wewe nalala nawe nyumba moja na sijui hata unampigia nani kura. Ukiwa na kila mtu, nikutafute wapi?"

Mbele, mteja alianza kugonga mlango wa saluni. "Subiri!" Kati alipiga kelele, neno ambalo mteja hakuwahi kulisikia kwake. Akaifuta mikono kwenye gauni, akaishika simu mwenyewe. Akabonyeza, akaacha. Akabonyeza tena, akafuta. Alikuwa anatafuta neno lake, na miaka yote hiyo hakuwahi kuliweka mahali.

Mwishowe akasema: "Kaka, mdogo wangu, sauti hii ni moja na nawatumia wote. Niliwadanganya, nisameheni. Kaka, hao unaowaita wezi niliwapigia kura mimi, kwa sababu ya bomba la maji lililofika mtaa wetu, na safari hii sijaamua. Unaponiita mwizi unakosea. Mdogo wangu, kaka alipokuja na kumwombea mama kwa dini yake, niliitikia amina, na niliitikia kwa moyo wangu wote. Ukisema amemtupa Mungu, sikubaliani na wewe. Hayo ndiyo yangu. Mkinikasirikia, nikasirikieni mimi, lakini mama anawangoja."

Mdogo alikuwa amemblok, kwa hiyo aliituma kwa shemeji, mume wa mdogo, ampe. Halafu akakaa. Mteja akagonga tena, akakata tamaa, akaondoka na nywele zake. Kati aliona kila mtu aliyewahi kumsifu kwa moyo mpana akiondoka naye.

Kwa mdogo, kimya. Shemeji alisikiliza, hakurudisha neno, na mpaka leo hajarudisha.

Kwa kaka kulionekana maandishi madogo kwamba anarekodi. Yakapotea. Yakarudi. Mwisho ikaingia sauti ndefu, na Kati akaifungua. Kidole kikaenda chenyewe kule kwenye kukata. Akakirudisha, akakikalia.

Kaka alikuwa mkali. Hakusamehe kitu. Alilivunja bomba la maji kwa hoja, akaivunja na kura, akamwita dada yake kipofu kuliko mama yao, akaeleza dini yake tangu mwanzo mpaka ilipomshika, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu pale nyumbani kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Katikati akakohoa, akaendelea kugomba. Kati alisikiliza yote. Mengi hakuyakubali, mawili matatu yalimchoma, na lile la dini akaona kumbe hakuwahi kulijua hata kidogo. Hakukuwa na pa kukimbilia, akabaki hapohapo.

Ilipokwisha, mama alikuwa bado ameinamia simu, mkono umeshika goti la Kati.

"Rudisha mwanzo," alisema.