Niliyemfundisha Kudaka

Mdogo wangu alikufa kwa sababu aliangalia juu, na mtu aliyemfundisha kuangalia juu ni mimi. Ninaliandika hili mwanzoni kwa sababu nikiliacha mpaka mwisho nitalikwepa. Najijua.

Tulisoma sekondari moja Mugumu, mimi dada mtu, yeye madarasa mawili nyuma yangu. Akaja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, kijana mwembamba aliyefundisha hisabati asubuhi na besiboli jioni. Sisi tulidhani ni mchezo wa kurusha na kupiga kwa rungu, na kwa kurusha na kupiga Mkurya hahitaji mwalimu. Kumbe kazi yenyewe ni kudaka. Kabla ya kuingia uwanjani alitutaka tuvue kofia na kuuinamia uwanja, uwanja wenyewe umejaa mavi ya mbuzi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye nilimkuta mdogo wangu akiinama peke yake, hakuna aliyemwambia.

Mwalimu alikuwa na video za Wajapani wanaocheza Marekani kwa mshahara. Alituambia mpira wa kule ni mkubwa kidogo na unateleza kuliko wa kwao, kwa hiyo mtu aliyekuwa bingwa nyumbani anafika na kuanza upya kujifunza kuushika. Wengine hawajui Kiingereza, mkalimani anawafuata mpaka katikati ya uwanja. Wengine wanarusha hadi mshipa wa kiwiko unakatika, wanapasuliwa, wanakaa mwaka mzima na zaidi, kisha wanarudi kurusha tena. Wenzetu waliona sinema. Mdogo wangu aliona njia. Alikuwa na mkono wa kulia ambao sijauona kwa mtu mwingine, na alisema kama Mjapani anaweza kutoka kwao akawashinda wenye mchezo wao, yeye amepungukiwa nini. Nikamwambia amepungukiwa pasipoti. Hakucheka.

Alichopungukiwa hasa ni kwamba aliogopa mpira unaoshuka kutoka juu. Ukimjia kwa mbele alikuwa simba; ukishuka, aligeuza uso na kufumba macho. Mwalimu alimwambia bila kumficha. Kulikuwa na mashindano ya shule Dar es Salaam, na makocha kutoka Japani wangekuja kuangalia. Angemwandika jina, ila si kabla hajaacha kufumba macho.

Nikaamua kumponya mimi. Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule, nipo nyumbani nasubiri chuo cha ualimu. Kiangazi kizima tulichunga ng'ombe kando ya bwawa la Manchira, na ng'ombe wakishatulia nilimrushia mpira juu, yeye akadaka. Mpira ukatuzamia bwawani. Nikatia jiwe kwenye soksi, nikafunga fundo, tukaendelea. Likimponyoka lilimchubua, na nilifurahi, kwa sababu niliamini maumivu yanafundisha haraka. Akigeuza uso nilimsimanga kama mke mwenza. Nilimwambia wale wa Marekani hawafumbi macho, ndiyo maana wao wako kule na yeye yuko hapa na ng'ombe. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa naweza kupiga kelele ghafla akiwa amenipa mgongo, naye akageuka, macho juu, mkono wa kushoto umeshakwenda wenyewe. Nilijisifu sana. Mwalimu alimwandika jina.

Ikabaki ruhusa ya baba. Baba alikuwa mtu wa mifugo na alisema hajaona mtu aliyeoa kwa kudaka mpira. Lakini hakukataa moja kwa moja. Enzi hizo dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani; vijana waliacha jembe shambani, wakaenda Nyangoto. Baba mdogo alikuwa na duara huko, shimo lake la kuchimbia. Baba akasema kijana akafanye kazi huko mpaka siku ya safari, ajitafutie nauli, aende Dar es Salaam kama mwanaume. Mdogo wangu alikubali hata kabla sentensi haijaisha. Alibeba glavu yake ya kudakia, ile ya mkono wa kushoto, kwenye mfuko wa sandarusi.

Baba mdogo ndiye aliyetusimulia. Kwenye duara kuna sheria moja ambayo kila mtu anafundishwa siku ya kwanza: ukisikia aliye juu anaita "Jiwe!", unajibana ukutani, kidevu kifuani, hutazami. Jiwe linapita au linakugonga mgongo, unaishi. Siku ya nne kiroba cha mawe kilichokuwa kinavutwa juu kilipasuka kikiwa karibu na mdomo wa shimo. Aliye juu aliita. Wenzake wawili walijibana. Yeye alisimama katikati.

"Aliinua mkono wa kushoto hivi," baba mdogo alisema, akatuonyesha, kiganja wazi juu ya uso wake. "Sijaona mtu anafanya vile. Kama anapokea kitu."

Watu wote msibani walishangaa. Mimi sikushangaa. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya zizi, na shangazi zangu wakasema huyu ndiye aliyempenda kuliko wote.

Mwalimu alirudi kwao mashindano yalipokwisha, na sikumwandikia. Baba naye alijitwisha mzigo wote. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa, "Ni mimi nilimtuma." Aliwaambia wazee, aliwaambia watoto, alimwambia hata mchungaji aliyekuja na maneno ya faraja. Aliacha kwenda vikao vya ukoo. Mtu akitaja dhahabu aliinuka na kuondoka. Mama alimsihi aache, akamwambia vijana wa kila boma wako mashimoni na wazazi wao ndio waliowatuma. Hakumsikia. Nilikuwa nakuja likizo nakuta amepungua, na kila nilipokuja nilipanga kumwambia, na kila nilipoondoka nilijipa sababu. Mara amechoka, mara kuna wageni. Sababu ya kweli ni kwamba niliona jinsi hatia inavyomla, nikaogopa ihamie kwangu.

Miaka ikapita namna hiyo. Baba alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa namlisha uji, sisi wawili tu, jua la mchana mlangoni. Alizuia kijiko.

"Mama," aliniita hivyo mimi binti yake siku zote, "wewe ulikuwa unacheza naye. Kule shimoni walimfundisha asiangalie juu. Kwa nini aliangalia?"

Alinitazama kama mtu anayeomba maji. Nilikuwa na jibu. Lingemtua mzigo aliokuwa nao tangu siku ile, na lilikuwa fupi.

"Sijui, tata," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akafungua mdomo, nikaendelea kumlisha.