Weka Kalamu, Omba Maji

Mwanangu, asubuhi ile ya sensa kule vijijini Mpwapwa bado hunijia nikisinzia kibarazani hapa mjini, Nkuhungu. Upepo wa kiangazi ulisukuma vumbi jekundu taratibu, milima ikionekana na kupotea, na mimi, binti mbichi niliyejiona ndiye serikali nzima, nilikuwa karani. Kalamu niliibeba kama mkuki, sikufichi. Pembeni yangu alitembea mzee Ndahani, mwenyekiti wa kitongoji, akinionyesha nyumba.

Tukafika kwa Bibi Chedego. Nikaamkia, nikakaa, na papo hapo nikauliza, "Bibi, watoto wako wangapi humu?"

Nilikuwa nimekosea. Kwao watoto hawahesabiwi. Anayetaja idadi yao ni kama anakionyesha kifo njia. Bibi aliwaita wajukuu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, wakaja wakinukia moshi na maziwa, nami nikawaandika. Nikafurahi kwamba kazi imekwisha. Ndipo kichanga kikalia ndani.

"Na huyo?"

"Huyo hajatolewa nje," alisema Bibi. "Usimwandike. Wenzake waliomtangulia tumewazika."

Nikaanza kueleza kwamba kila aliyelala humo usiku wa kuamkia siku ile lazima ahesabiwe, sauti ikizidi kupanda. Mzee Ndahani akanigusa bega.

"Binti, weka kalamu chini. Omba maji ya kunywa."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaomba maji. Aliyeniletea ni mama wa mtoto mwenyewe, Anna, msichana wa rika langu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Nilikunywa polepole. Sijui tulikaa kiasi gani. Kivuli cha nyumba kilihama, mbuzi wakapita, na yeye alikuwa bado amesimama mbele yangu.

"Dada," akaniuliza, "ukimwandika, anaandikwa pamoja na wazima?"

"Ndiyo, na walio hai tu."

"Wale wengine hakuna aliyewaandika. Walikuja wakaondoka, na nikisema nilizaa, watu wananitazama kama nimeota." Akamgeukia Bibi. "Mama, huyu naomba ijulikane kwamba yupo."

Bibi alilia. Kisha akajifuta machozi kwa pindo la khanga, akaniambia, "Mwandike Mgeni. Jina lake tutampa wenyewe akitoka."

Yule tuliyemwandika Mgeni alikua. Siku hizi anafyatua matofali Miyuji, na wajukuu wengi wa Bibi walimfuata huku mjini. Hivyo ndivyo nchi inavyohama, mwanangu, mlango kwa mlango. Hapa Nkuhungu palikuwa malisho. Leo nyumba zimebanana, kuku wa jirani wanataga jikoni kwangu, na mayai nakula. Kule kijijini nyua zimebaki na wazee. Pasipohesabiwa, nani atajua zahanati inahitajika wapi, na darasa lipi limefurika?

Sensa iliyopita niligongewa mimi. Kijana mwenye kishikwambi aliniamkia, akauliza waliolala nyumbani kwangu ni akina nani. Nanyi mlikuwa mmeshatawanyika wote.

"Mimi tu," nikasema, nikivigeukia vyumba vyenu vitupu.

Yule kijana akakiweka kishikwambi chini. "Bibi," akasema, "naomba maji ya kunywa."

Sijui nani alimfundisha. Nilimletea maji huku nalia, nikamtajia majina yenu yote, ingawa hakuwa na mahali pa kuyaandika. Alisikiliza mpaka la mwisho.

Kwa hiyo siku ukitumwa kwa watu, kwa sensa au kwa lolote, kaa kwanza, unywe maji yao, ndipo uulize. Na wakija kwako, usimfiche mtu wako, hata awe kichanga cha jana. Mungu akujalie nyumba yenye majina mengi ya kuita, mwanangu, na kila utakayemwita aitike.