Ulezi Juu ya Sanduku la Spika

Mwanangu, nikiitazama hiyo spika uliyoichomoa kwenye runinga mbovu, nakumbuka siku moja ya kipupwe hapa Kizwite, upepo ukipeperusha makapi ya ulezi uani kama moshi mwepesi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akipepeta.

Mama alifariki kabla sijaanza kutembea. Kilichobaki ni kaseti moja ya kwaya ya kijiji cha Chala, yeye akiongoza wimbo. Kwenye redio yetu ndogo sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. Nilitaka kumsikia mama, mwanangu, hilo tu. Nikapata spika ya gari bovu, nikaiundia sanduku kwa mbao nyembamba za makasha ya sabuni, nikalipaka rangi nyekundu, nikaliunganisha na ile redio. Nilipofungulia kaseti, sanduku lilitetemeka hadi nikalisikia mkononi. Nikadhani hiyo ndiyo nguvu.

"Bibi, msikilize mwanao!"

Akainamisha kichwa. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyonitania tangu utotoni, "huyo si mwanangu. Huyo ni mtu aliyefungiwa ndani ya debe."

Niliumia. Ni yeye peke yake aliyebaki wa kuniambia sauti ya mama ilikuwaje, naye akaikana.

Bibi hakubishana nami. Alichota konzi ya ulezi, akaumwaga juu ya sanduku. Punje zikarukaruka, zikakimbilia pembeni, zikadondoka.

"Umeona? Sanduku lako nalo linaimba. Litanyamaza lini, mwanangu asikike?"

Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilikuwa nimelijenga hilo debe na kulipaka rangi.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilibomoa. Nikaomba kwa seremala vipande vinene vya mninga, nikakingamisha ubao mmoja kwa ndani ili kuta zishikane. Viungo nikaviziba kwa nta, kwa sababu sauti ya nyuma ya spika ikipenya kwenye ufa, huenda ikapambana na ile ya mbele na kuipunguza unene. Ukuta wa nyuma ulihitaji kitu laini cha kumeza mwangwi. Bibi akanipa blanketi lake kuukuu. "Chukua. Baridi ya huku Ufipa imeshanizoea."

Baada ya wiki mbili nikalitoa sanduku jipya uani, halina rangi hata tone. Bibi akamwaga ulezi mwenyewe. Nikafungulia kaseti. Punje zilitulia kama zimelala. Kisha, kabla ya wimbo, nikasikia kitu ambacho redio haikuwahi kunipa: mwanamke anavuta pumzi.

Ungo ukamponyoka Bibi.

"Ndiye," akanong'ona. "Alivuta pumzi hivyo hivyo kila alipotaka kuniita."

Tulikaa, mawingu yakipita polepole juu yetu, mama akiimba. Siku hiyo nilijua nimezaliwa na nani.

Basi, mwanangu, usikimbilie rangi. Jenga kuta nene, ziba nyufa, kisha mwaga ulezi. Ulezi ukicheza juu ya sanduku, usikate tamaa. Hata wangu ulicheza. Na popote utakapokaa na watu, uwe kama sanduku lile la pili: tulia, mwingine asikike. Mungu akujalie mkono wa subira na sikio pana, na sauti za uwapendao zisikupotee kamwe.